Rufaa ya Ohio Siyo Rufaa ya Kisutu



Kuna neno moja ambalo nikilisikia siku hizi huwa nashtuka. Neno lenyewe ni "tutakata rufaa." Nalisikia kwenye korido za mahakama hapa Columbus, jimbo la Ohio, nalisikia kwenye simu zinazopigwa kutoka Mwanza, Bukavu na Mombasa, na nalisikia kila tunapokaa kuchangishana. Mtoto wa fulani kafungwa, mama fulani kanyang'anywa watoto, bwana fulani kafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, na sisi sote tunaitikia kama waitikiao dua: msijali, hii ni mahakama ya chini tu, huko juu wapo majaji wenye akili, tutakata rufaa. Hapo ndipo mifuko inafunguka. Watu wanaobeba maboksi usiku kucha kwenye maghala wanatoa dola hamsini, mia, mia mbili, na anatafutwa wakili.

Nasema kwa moyo mweupe kabisa: fedha hizo tunazitoa wakati mbaya kuliko wakati wote. Tunazitoa mlango ukishafungwa. Na sababu ya kuzitoa wakati huo si ubahili wala uzembe. Sababu ni kwamba tumekuja huku na picha ya rufaa tuliyozaliwa nayo, na picha hiyo nyumbani ni ya kweli, lakini hapa siyo.

Hebu tuanze na nyumbani, maana ndiko kosa la hesabu linakoanzia. Mtu akihukumiwa Kisutu au kwenye mahakama ya wilaya yoyote Tanzania, rufaa yake ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu. Huko jaji hasomi tu kama hakimu alifuata taratibu. Ana wajibu wa kuuchukua ushahidi wote na kuupima upya, kisha afikie uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi kwa macho. Kenya ni hivyo hivyo. Msingi huu ni wa zamani, umejengwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Pandya ya mwaka 1957 na ya Okeno ya mwaka 1972 kwa upande wa jinai, na katika kesi ya Selle ya mwaka 1968 kwa upande wa madai. Mawakili wa nyumbani wanazitaja kesi hizi kama mtu anavyotaja majina ya babu zake. Kwa hiyo mzee wako anapokwambia "hakimu kaamini uongo, jaji atauona," hasemi upuuzi. Anasema sheria ya kwao.

Na kuna jambo jingine ambalo hatulifikirii. Nyumbani hakimu anaandika sababu. Anaandika shahidi wa kwanza alisema nini, kwa nini alimwamini, kwa nini hakumwamini mshitakiwa. Wakili wa rufaa anaichukua ile hukumu na kuipekua mstari kwa mstari, na mara nyingi humo humo ndimo anamoipata rufaa yake.

Sasa njoo Ohio. Kesi ya kosa kubwa la jinai inasikilizwa kwenye mahakama ya kaunti iitwayo Court of Common Pleas, na mshitakiwa ana haki ya kuhukumiwa na juri, yaani wananchi 12 waliookotwa kwenye orodha, mwalimu, dereva wa basi, muuza bima. Watu hawa wanasikiliza, wanajifungia chumbani, wanatoka na neno moja au mawili: ana hatia, hana hatia. Basi. Hawaandiki walimwamini nani. Hawaulizwi kwa nini. Mahakama ya rufaa inapoletewa hukumu ya namna hiyo, haina sababu za kupekua, kwa maana hazipo. Mfumo wote wa huku umejengwa juu ya imani kwamba aliyeona uso wa shahidi, jasho lake na macho yake, ndiye aliyefaa kuamua kama anasema kweli, na majaji watatu waliokaa na makaratasi miezi kadhaa baadaye hawana haki ya kumsahihisha.

Ohio ina kaunti 88, na zimegawanywa katika wilaya 12 za rufaa. Sisi wa Columbus tuko kaunti ya Franklin, ambayo peke yake ni wilaya ya 10. Rufaa inasikilizwa na majaji watatu. Hakuna juri, hakuna mashahidi, hakuna kiapo, na mara nyingi mrufani mwenyewe wala hayupo. Kila upande unaleta hoja zake kwa maandishi, pengine mawakili wanasimama kwa dakika chache kujibu maswali, kisha majaji wanakwenda kuandika. Wanachokiangalia ni kitu kimoja tu: kumbukumbu ya kilichotokea chini, yaani mwenendo wa kesi ulioandikwa neno kwa neno pamoja na vielelezo vilivyopokelewa. Kisichomo humo, kwao hakikutokea.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho, tafadhali, kwa sababu ndiyo inayotuua.

Nimekaa na familia nyingi baada ya hukumu, na kila mara wanaleta bahasha. Ndani yake kuna barua ya mwajiri kwamba kijana alikuwa kazini siku ile, kuna picha, kuna ujumbe wa simu, kuna jirani ambaye "yuko tayari sasa kusema." Nawauliza: jirani huyu alitoa ushahidi? Hapana, wakili hakumwita. Barua hii ilipokelewa na mahakama? Hapana, tumeipata juzi. Basi bahasha hiyo, ndugu zangu, haiingii kwenye rufaa. Ipo njia nyingine, ombi la baada ya hukumu linalopelekwa kwenye mahakama ile ile iliyokuhukumu. Kwa Ohio muda wake ni siku 365 tangu mwenendo wa kesi ulipowasilishwa mahakama ya rufaa, na huko ndiko ushahidi wa nje unakoweza kupelekwa. Lakini njia hiyo ni nyembamba na ina miiba, na katika njia hiyo hakuna haki ya kikatiba ya kupewa wakili wa bure.

Kwa hiyo majaji wa rufaa wanaangalia nini hasa? Inategemea ni jambo gani unalalamikia. Kama ni tafsiri ya sheria, wanaangalia kwa macho mapya kabisa, hawamwonei jaji wa chini aibu. Kama ni jambo lililo kwenye hiari ya jaji, mfano kukubali au kukataa kielelezo fulani, hawataingilia mpaka waone alivuka mipaka ya busara, hata kama wao wangeamua vingine. Na kama unalalamikia kwamba ushahidi haukutosha, kipimo ni kile cha Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Jackson dhidi ya Virginia ya mwaka 1979. Wanauchukua ushahidi wote kwa namna inayoupendelea upande wa mashtaka, kisha wanauliza kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kumtia mtu huyu hatiani. Angalia neno "angeweza." Hawaulizi kama wao wangemtia hatiani. Shahidi mmoja tu aliyesema "nilimwona," hata kama sote tunajua ni mgomvi na mwongo, anatosha kuijaza nafasi hiyo.

Nisiwadanganye, Ohio inao mlango mmoja unaofanana kidogo na wa kwetu. Unaweza kudai kwamba hukumu inakwenda kinyume na uzito wa ushahidi, na hapo mahakama ya rufaa inakaa kama mjumbe wa 13 wa juri na kupima ushahidi yenyewe. Mahakama ya juu ya Ohio ilieleza hivyo katika kesi ya Thompkins ya mwaka 1997. Ila katiba ya jimbo inataka majaji wote watatu wakubaliane ndipo hukumu ya juri itenguliwe kwa sababu hiyo, na wakikubaliana mtu haachiwi huru, anarudishwa kusikilizwa upya. Majaji wenyewe hurudia kila mara kwamba mlango huu ni wa kesi za nadra. Usijenge nyumba juu yake.

Halafu kuna jambo la pingamizi, ambalo watu wa nyumbani huwa hawaamini nikiwaeleza. Kosa likitokea mahakamani, wakili wako anatakiwa kusimama pale pale na kulipinga, ili jaji apate nafasi ya kulirekebisha. Akikaa kimya, kwenye rufaa hoja hiyo imekwisha kufa, isipokuwa kosa liwe kubwa na la wazi kiasi kwamba kuliacha ni dhuluma ya dhahiri. Na hata ukipinga, na hata majaji wa rufaa wakikubali kwamba jaji alikosea, bado watauliza: kosa hilo lilidhuru? Kama wanaona matokeo yangekuwa yale yale, hukumu inabaki. Nimesoma maamuzi ambamo mahakama inakubali makosa mawili matatu, na mwisho wake mtu anaendelea na kifungo chake. Unaweza kusema wakili alifanya uzembe kwa kutopinga, na hiyo ni hoja halali tangu kesi ya Strickland ya mwaka 1984, lakini lazima uthibitishe mambo mawili, uzembe wenyewe na kwamba bila uzembe huo kuna uwezekano wa kweli matokeo yangekuwa tofauti. Wengi wanalithibitisha la kwanza na kukwama kwenye la pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni letu sisi Waswahili hasa, na ambalo sijaona likiandikwa.

Mwandishi wa mahakama anaandika Kiingereza. Shahidi anasema Kiswahili, mkalimani anatafsiri, na kinachobaki kwenye mwenendo wa kesi ni maneno ya mkalimani. Kiswahili chako kinapotea hewani. Tuseme mama kutoka Nyarugusu anaulizwa ni saa ngapi alimwona mshitakiwa nyumbani. Anajibu, saa mbili usiku. Mkalimani mchovu, au aliyejifunza Kiswahili darasani, anatafsiri namba kama ilivyo, saa mbili ya Kizungu. Sisi sote tunajua mama kasema saa ambayo watu wanatoka kula, saa ya taarifa ya habari. Juri inasikia usiku wa manane. Mwendesha mashtaka anasimama na rekodi za simu zinazoonyesha saa mbili hiyo ya usiku wa manane simu ya kijana ilikuwa upande mwingine wa mji, na shahidi muhimu wa utetezi amekwisha kuwa mwongo mbele ya watu 12.

Mwaka mmoja baadaye majaji watatu wanasoma ukurasa ule. Wanaona nini? Wanaona shahidi aliyetaja saa ambayo rekodi inaipinga. Hakuna mahali pa kuonyesha kosa la mkalimani, kwa sababu Kiswahili hakikuandikwa na hakuna aliyesimama kusema "samahani mheshimiwa, tafsiri hiyo siyo." Ni hivyo hivyo na neno ndugu. Shahidi anasema "yule ni ndugu yangu," tafsiri inatoka kwamba ni kaka yake wa damu, baadaye anaeleza kuwa ni mtoto wa mjomba, na anaambiwa umebadilisha maneno. Kiswahili cha Uvira si cha Tanga, na cha Tanga si cha Nairobi. Kanuni za mahakama za Ohio zinataka mtu asiyejua Kiingereza vizuri apewe mkalimani, na mahakama ndiyo inayomlipa, hilo ni jema na nalisifu. Lakini ubora wa tafsiri unalindwa mle ndani ya chumba, dakika ile ile, na si kwenye rufaa.

Kuhusu kukiri kosa nitasema kwa ufupi ingawa linastahili makala yake peke yake. Sehemu kubwa sana ya kesi za jinai hapa Marekani hazifiki kwenye juri, zinamalizwa kwa makubaliano. Kijana anaambiwa kiri, utapata kifungo cha nje, leo unalala nyumbani. Anakiri. Anapokiri kwa kusema ana hatia, karibu hoja zake zote za rufaa amezizika kwa mkono wake, ikiwemo ile kwamba polisi walipekua gari lake kinyume cha sheria. Ohio kuna jibu la tatu, la kutopinga mashtaka, ambalo haliiti tendo hilo hatia lakini linamruhusu jaji kuhukumu, na kanuni za jinai zinaacha wazi rufaa juu ya maombi yaliyokataliwa kabla ya kesi, kama ombi la kuutupa ushahidi uliopatikana vibaya. Tofauti ya maneno mawili hayo ni tofauti ya kuwa na rufaa na kutokuwa nayo. Wangapi wetu wanaijua?

Wenye makaratasi ya ukaazi ambao bado hawajawa raia wana la ziada. Kwa idara ya uhamiaji majibu yote mawili, la kukiri na la kutopinga, yanaweza kuhesabiwa kuwa ni kutiwa hatiani, na kifungo cha mwaka mmoja kilichoahirishwa kinahesabiwa kama kifungo cha mwaka mmoja hata kama hukulala ndani hata usiku mmoja. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kurudishwa kwao. Na sheria ya Ohio, kifungu cha 2943.031, inamtaka jaji mwenyewe amwonye mtu asiye raia kabla ya kupokea kukiri kwake, kwamba anaweza kufukuzwa nchini, kuzuiwa kuingia, au kunyimwa uraia. Asipoonywa anaweza kuomba kuondoa kukiri huko. Hili ni moja ya mambo machache ambamo mwenendo wa kesi unakuwa rafiki yetu: onyo lisipoandikwa humo, sheria inachukulia kwamba halikutolewa.

Tukija kwenye kesi za madai, hali ni ngumu zaidi, na sisi hatuzipi uzito kwa sababu hakuna pingu. Kwenye jinai, mtu maskini ana haki ya wakili wa bure katika rufaa yake ya kwanza tangu kesi ya Douglas dhidi ya California ya mwaka 1963, na haki ya kupata mwenendo wa kesi bila kulipia tangu Griffin dhidi ya Illinois ya mwaka 1956. Kwenye madai ya kawaida hakuna kitu kama hicho. Unalipia karatasi za mwandishi wa mahakama mwenyewe. Usipozileta, mahakama za Ohio zinafuata kesi ya Knapp ya mwaka 1980: wanachukulia kwamba yaliyotokea chini yalikuwa sawa, wanathibitisha hukumu, kwaheri. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani ililazimika kuingilia kati kwa mama mmoja wa Mississippi aliyefutiwa haki ya uzazi, ambaye rufaa yake ilizimwa kwa sababu hakuwa na dola 2,352.36 za kuandaa kumbukumbu. Mahakama ilisema haki ya mzazi haiwezi kufungiwa nyuma ya ada ya namna hiyo. Lakini huo ni ulinzi wa mzazi anayefutiwa uzazi. Wewe unayegombania kodi, ajali ya gari au mshahara, hauko humo.

Talaka na malezi ya watoto ndipo ninapowaomba mfungue macho zaidi. Kesi nyingi za namna hii Ohio hazisikilizwi na jaji, zinasikilizwa na ofisa aitwaye majistreti, mwanasheria aliyeteuliwa na mahakama. Anatoa uamuzi wake kwa maandishi, unatumwa kwa posta. Kuanzia siku ulipowasilishwa mahakamani una siku 14 za kupeleka pingamizi lako kwa jaji. Usipopinga, hoja hiyo kwenye rufaa huna tena, isipokuwa lile kosa la wazi niliolitaja juu. Siku 14! Barua inafika, baba yuko shifti ya usiku, mama anadhani ni tangazo la bima, inalala juu ya friji chini ya sumaku ya Zanzibar mpaka mwezi unakwisha. Kisha tunaitwa kuchanga.

Na mpangaji aliyefukuzwa? Akikata rufaa bila kupata amri ya kusimamisha utekelezaji, na bila kuweka dhamana ya fedha, mwenye nyumba anarudishiwa nyumba yake, na mahakama ya rufaa itasema suala la nani akae humo limekwisha, hakuna cha kuamua. Hata kwenye deni la kawaida, rufaa peke yake haizuii mshahara wako kukatwa. Nyumbani tumezoea kuona mtu akipeleka rufaa na kuendelea kukaa kwenye kiwanja cha watu miaka kumi. Huku usitegemee.

Najua wapo watakaoniuliza, sasa wewe unasifia mfumo wa Wazungu? Sisifii. Naona ni mfumo unaomfaa mtu aliyekuwa na wakili mzuri tangu siku ya kwanza, na unamwadhibu mara mbili yule ambaye hakuwa naye. Wa kwetu una huruma zaidi kwenye karatasi. Lakini tusijisifu sana. Sheria ya Tanzania inatoa siku 10 za kutoa notisi na siku 45 za kuleta rufaa ya jinai, kisha inakiri yenyewe kwamba siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu zisihesabiwe, na kila mwenye ndugu Segerea au Butimba anajua kusubiri huko maana yake nini. Tena kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kumkatia rufaa mtu aliyeachiwa huru. Hapa juri ikishasema hana hatia, serikali imefungwa mdomo. Hilo nalitamani siku moja Dodoma walijadili.

Wala sisemi rufaa haifai. Zinashinda. Zinashinda jaji anapoelekeza juri vibaya juu ya sheria, ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu unapopokelewa, adhabu inapotolewa bila kufuata kifungu. Ushahidi ukionekana haukutosha kabisa kisheria, mtu anaachiwa na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Ukishindwa wilayani una siku 45 za kuomba Mahakama ya Juu ya Ohio yenye majaji saba, ingawa hao wanachagua wenyewe kesi wanazotaka. Lakini zote hizo ni hoja za sheria zilizopandwa chini. Mavuno hayaji pasipopandwa.

Muda nao: siku 30 tangu hukumu ya mwisho kuingizwa, kwa jinai na kwa madai. Siyo siku 30 tangu ulipopona majonzi. Aliyechelewa kwenye jinai anaweza kuomba ruhusa ya rufaa ya kuchelewa kwa kueleza sababu. Kwenye madai, kwa kawaida, amekwisha. Na msichukue siku hizi za Ohio mkazipeleka jimbo lingine. Minnesota ni siku 60 kwa madai na 90 kwa makosa makubwa ya jinai. Texas wana mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai na moja ya jinai. New York ndiyo kichekesho, mahakama wanayoiita Supreme ndiyo ya kuanzia kesi. Nina hakika kuna ndugu yetu kule alipoambiwa kesi yake iko Supreme alidhani ameshafika mbinguni.

Basi hoja yangu ni hii, na nitaipeleka kwenye mkutano wetu wa jumuiya hapa Columbus. Mfuko wa misaada ya kisheria tunaouchangia tuuweke kanuni: nusu yake au zaidi itumike kabla ya hukumu. Kijana akikamatwa, siku ile ile mfuko ulipie saa moja ya wakili wa uhamiaji akae na wakili wa jinai kabla mtu hajakiri chochote, hata kama wakili wa jinai ni wa serikali. Kila kesi yenye mkalimani, tutume mtu mzima mmoja anayejua Kiswahili cha mshitakiwa na Kiingereza vizuri, akae nyuma na daftari, na akisikia saa mbili ya usiku imegeuka usiku wa manane, ampe wakili karatasi wakati wa mapumziko, kabla shahidi hajaondoka. Hilo halina gharama, linahitaji mtu aombe ruhusa kazini siku mbili tu. Na awepo katibu mmoja ambaye kazi yake ni tarehe: barua ya majistreti ikifika kwa mtu yeyote aliyejiandikisha, inapigwa picha na kutumwa kwake siku hiyo hiyo, naye anahesabu 14, na ikitoka hukumu anahesabu 30.

Fedha zitakazobaki ndizo za rufaa. Wazee wawili wameshaniambia kwamba watu hawachangi mpaka waone machozi, na kwamba kabla ya hukumu kila mtu husema "hana hatia, ataachiwa tu." Wanaweza kuwa wanasema kweli. Mwenye njia ya kuwafanya watu watoe dola hamsini kabla ya machozi ailete, tutaisikiliza kwenye mkutano huo.